Kahawa humwamsha mzee, haimjengei misuli



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawaelekea wazee, pamoja na watoto na wajukuu wanaowatunza. Tutazungumzia vitu viwili tunavyoviona kila siku: kikombe cha kahawa au chai kilichomo mkononi mwa mzee, na ndoo au jembe ambalo mzee huyo ameacha kulishika.

Pita alfajiri pale Mwigobero mjini Musoma, au katika kituo cha mabasi cha Bunda. Utamsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na wazee wamekwisha kukaa kwenye benchi wakimngoja. Wako watakaokuambia, "Bila kikombe hiki miguu hainyanyuki." Je, ni kweli kwamba kikombe ndicho kinachoinua miguu? Hebu tuangalie.

Bibi aliyeambiwa apumzike

Tuchukue mfano ambao hautakuwa mgeni katika jumuiya ndogondogo zetu. Bibi wa miaka 72 anaishi kijijini upande wa Butiama pamoja na mjukuu wake. Mume wake amefariki. Watoto wake wako Mwanza na Dar es Salaam. Mpaka mwaka jana alikuwa akiteka maji, akipalilia mihogo na kwenda kanisani kwa miguu.

Wakati wa Noeli watoto wakaja. Wakamwona mama yao anahema akiwa na ndoo kichwani, wakaingiwa na huruma. Wakamwambia, "Mama, umetulea, umetusomesha. Sasa pumzika." Ndoo akapewa mjukuu, na jembe likawekwa darini. Wakamwachia sukari, majani ya chai, kopo la kahawa na kreti la soda.

Ilipofika Kwaresima, bibi alikuwa hawezi tena kuinuka kwenye benchi wakati wa Injili bila kushika bega la jirani. Akadhani damu imepungua. Akaongeza kikombe cha asubuhi, kisha cha mchana, kisha cha jioni. Sasa usingizi ukawa haba, na usiku akawa anatoka mara tatu kwenda chooni. Usiku mmoja aliteleza gizani akaanguka. Alibahatika: aliumia kiwiko tu. Wengine huvunjika nyonga, na mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi harudii tena mwendo wake wa zamani.

Hakuna aliyemtakia mabaya bibi huyu. Watoto walimpenda, na kahawa si sumu. Kosa liko wapi, basi?

Kinachopotea mwilini

Mwili wa binadamu huanza kupunguza misuli polepole tangu miaka ya thelathini. Baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani Irwin Rosenberg alipendekeza hali hiyo ipewe jina lake la kitaalamu, yaani sakopenia, ili waganga waache kuiona kuwa ni "uzee tu" na waanze kuitafutia dawa. Misuli inayotusumbua zaidi ikipungua ni ya mapaja na makalio, kwa sababu ndiyo inayotuinua kutoka kwenye kiti, kutoka magotini na kutoka chooni.

Kulala na kukaa huharakisha upotevu huo kupita tunavyodhani. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007 huko Marekani, wazee 12 wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10 tu! Kwa hiyo neno "pumzika" linaposemwa kwa mzee mwaka mzima, linaweza kumwondolea miguu yake.

Kahawa inafanya nini?

Ndani ya kahawa na chai kuna kitu kiitwacho kafeini. Mtu akiwa macho na akifanya kazi, katika ubongo hukusanyika kitu kingine kiitwacho adenosini, ambacho huuambia mwili: umechoka, lala. Kafeini hukaa katika nafasi ya adenosini, kama mtu aliyesimama mlangoni akamzuia mjumbe asiingie. Ujumbe haufiki, nawe unajiona mwepesi. Lakini uchovu wenyewe haujaondoka. Uko nje, unangoja.

Wataalamu wa Denmark walilipima jambo hili kwa wazee wenyewe. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005 waliwapa wanaume na wanawake 30, wenye miaka 70 na zaidi, kafeini siku moja, na siku nyingine kidonge kisicho na kitu, bila wao kujua ni kipi. Siku ya kafeini wazee waliweza kuendesha baiskeli ya mazoezi kwa muda mrefu zaidi, yapata robo ya muda wao wa kawaida. Lakini nguvu ya misuli haikuongezeka, wala mwendo wa kutembea haukuwa wa kasi zaidi. Tena, waliposimama wima wakiwa wamefumbua macho, waliyumba zaidi kuliko siku isiyo na kafeini.

Hapo ndipo penye fundisho. Kafeini humsaidia mzee kuvumilia kazi. Haimwongezei nguvu ya kuinuka, na ikizidi yaweza kumyumbisha. Anayejenga misuli ni kazi ya misuli yenyewe, ikisaidiwa na chakula na usingizi.

Kafeini imejificha wapi?

Vipimo hutofautiana kwa ukali wa kinywaji, lakini kwa makadirio ni hivi:

(a) Kikombe kikubwa cha kahawa iliyochemshwa: miligramu 95 hivi. Kahawa ya robusta, kama inayolimwa Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ambayo hulimwa hata kwetu Tarime.

(b) Kikombe cha kahawa ya unga wa kuyeyuka: miligramu 60 hivi.

(c) Kikombe cha chai, ya rangi au ya maziwa: miligramu 40 hadi 50.

(d) Soda ya kola, mililita 330: miligramu 30 hadi 40.

(e) Vinywaji vya kuongeza nguvu: vingi vina miligramu 80 katika mililita 250. Soma maandishi ya chupa kabla ya kumpelekea mzee.

(f) Baadhi ya vidonge vya maumivu. Panadol Extra, kwa mfano, ina miligramu 65 kwa kila kidonge. Mzee akimeza viwili saa tatu usiku kwa ajili ya magoti, amekunywa zaidi ya kikombe kizima cha kahawa bila kujua.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kuwa mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja, bila wasiwasi. Mzee mwenye shinikizo la damu, moyo unaodunda ovyo au usingizi haba abaki chini sana ya hapo.

Kikombe cha jioni na njia ya chooni

Kafeini hutoka mwilini polepole. Kwa kawaida baada ya saa 5 hivi nusu yake bado imo. Anayekunywa kahawa saa kumi jioni, saa tatu usiku bado ana nusu kikombe mwilini. Anayetumia ciprofloxacin, dawa wanayopewa wengi kwa homa ya matumbo, hukaa nayo muda mrefu zaidi, maana dawa hiyo huchelewesha kafeini kutoka.

Kafeini pia huchokoza kibofu. Kwa baba mwenye matatizo ya tezi dume, au mama ambaye mkojo humjia ghafla, kikombe cha jioni ni safari ya usiku. Choo kiko nje, njia ina mawe, taa hakuna, na mzee ameamka na usingizi machoni. Mguu usio na nguvu haumwokoi akijikwaa. Ndugu zangu, wazee wengi huanguka katika njia hiyo fupi kati ya kitanda na choo.

Shauri letu ni rahisi: kikombe cha mwisho kinywewe kabla ya saa nane mchana. Njia ya chooni iondolewe mawe, na tochi iwekwe kando ya mto wa mzee.

Misuli ya mzee yaweza kukua tena

Wako wanaosema, "Mti mkavu hauchipui." Kwa misuli msemo huu si wa kweli. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha habari za wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee mjini Boston, Marekani, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Waliwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki. Tisa walimaliza wiki 8. Nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya ile waliyoanza nayo. Wawili waliacha fimbo zao. Walipoacha mazoezi kwa wiki 4, nguvu zikashuka kwa karibu theluthi.

Hayo ni mambo mawili ya kukumbuka: hakuna aliye mzee mno kuanza, na anayeacha hupoteza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na mazoezi mchanganyiko ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi.

Jipime kwanza

Kaa kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani. Kunja mikono kifuani. Mjukuu ashike saa. Simama wima na ukae tena, mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Mama wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, au baba wa umri huo chini ya 12, miguu inahitaji kazi na hatari ya kuanguka iko juu. Usikate tamaa. Andika idadi yako nyuma ya kalenda, ujipime tena baada ya miezi 2.

Mazoezi matano ya nyumbani

1. Kuinuka na kukaa. Inuka kitini bila kutumia mikono, ukae polepole. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Ukizoea, inuka ukiwa umekumbatia chupa ya maji ya lita moja, halafu dumu la lita 5.

2. Kuinua visigino. Shika meza au nguzo ya baraza, simama kwa vidole vya miguu, shuka taratibu.

3. Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko, jisukume urudi.

4. Kubeba. Chukua vidumu viwili vyenye maji kiasi, kimoja kila mkono, tembea uani ukiwa wima. Anza na lita 2 kila kimoja.

5. Kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa juu ya meza, kwa sekunde 10, kisha mguu wa pili.

Zoezi la 1 hadi la 3 lifanywe mara 8 hadi 12, upumzike, kisha urudie mkupuo wa pili. Fanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ili misuli ipate siku ya kupumzika katikati. Mara za mwisho ziwe ngumu kidogo. Kama unafika 12 ukiwa unaimba, ongeza uzito. Usizuie pumzi wakati wa kuinua, maana shinikizo la damu hupanda. Hesabu kwa sauti, nawe utapumua tu.

Chakula cha misuli

Misuli haijengwi kwa chai na mkate mkavu. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Sisi wa kando ya ziwa hatuna udhuru: tuna dagaa, sato na sangara. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wasioweza kutafuna wasage dagaa waliosafishwa, wakoroge unga huo katika mboga. Maziwa mgando, mayai, maharage na kunde pia ni vya kujengea. Protini igawanywe asubuhi, mchana na jioni, isingoje mlo mmoja. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa mganga wake.

Chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Mzee mwenye upungufu wa damu asubiri kama saa moja baada ya kula. Na sukari je? Vijiko vitatu katika vikombe vinne ni gramu 48 hivi kwa siku, karibu kikomo cha gramu 50 ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa mtu mzima, na hapo soda haijahesabiwa.

Neno kuhusu Kwaresima. Wako wazee wanaofunga kwa kushindia chai ya rangi siku nzima. Sheria ya Kanisa ya kufunga huwabana waumini mpaka wanapoanza mwaka wa 60. Baada ya hapo hawabanwi. Amri ya kuacha nyama inabaki, na samaki wanaruhusiwa. Mzee anayetaka kutoa sadaka anaweza kuacha sukari, akabaki na dagaa wake.

Nani aone mganga kwanza?

Asianze mazoezi kabla ya kupimwa mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu cha mara kwa mara, aliyevunjika mfupa karibuni, au mwenye shinikizo la 180/110 au zaidi. Akiwa katikati ya mazoezi akahisi kifua kubana au pumzi kukata, aache mara moja na apelekwe kituo cha afya. Unapokwenda kupima shinikizo, usinywe kahawa katika nusu saa ya kabla, maana kipimo kitapanda.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi nalima kila siku. Mazoezi ya nini? Kulima ni kwema, endelea. Lakini anayelima kwa kuinama hutumia zaidi mgongo na mikono. Kuinuka na kukaa kutaongezea mapaja kile ambacho jembe halikipi.

Je, ninywe kahawa kabla ya mazoezi? Kama shinikizo lako ni la kawaida na umezoea, kikombe kimoja cha asubuhi saa moja kabla hakina ubaya. Mwenye shinikizo la juu afanye mazoezi kwanza. Wote washike kitu imara.

Je, niache kabisa? Si lazima. Anayetaka kupunguza asikate ghafla, maana kichwa kitamuuma siku kadhaa. Apunguze kikombe kimoja kila wiki.

Turudi kwa bibi yetu

Mjukuu alisoma habari kama hizi shuleni, akarudi nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, kuanzia leo tutakwenda kisimani pamoja. Mimi ndoo, wewe kidumu cha lita 3."

Bibi akacheka. Lakini akaenda. Kahawa anakunywa bado, vikombe viwili, vyote asubuhi. Huo ni mfano tu, msomaji, lakini unaweza kuwa wa kweli nyumbani kwako kuanzia wiki hii.

Wazanaki ndio waliotupa neno kung'atuka, na Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyelieneza nchini. Yeye aling'atuka Urais mwaka 1985 akarudi Butiama. Aling'atuka madarakani, lakini jembeni hakung'atuka: alilima shamba lake. Tuwaheshimu wazee wetu kwa namna hiyo. Tuwapunguzie mzigo, tusiwanyang'anye kazi yote.

Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, inayoadhimishwa Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo jumuiya zetu hupenda kuwapelekea wazee sukari na sabuni. Mwaka huu ongezeni kilo moja ya dagaa, tochi, na nusu saa ya kuwahesabia wakiinuka na kukaa. Mwinjili Luka anatusimulia habari za nabii Anna, mjane wa miaka 84, ambaye hakuondoka hekaluni. Na wazee wetu waje kanisani kwa miguu yao, na wakati wa Injili wasimame wenyewe.